Ukuta Nilioukaza

Vijana, karibu kila wiki mmoja wenu anapanda hapa kwangu na karatasi zake ndani ya mfuko, anakaa, anakunywa chai, halafu ananiambia anataka kuandika kitabu cha kazi ya filamu, na amesikia mimi nilijaribu. Nimechoka kusema maneno yale yale. Nimeamua kuyaandika mara moja, mkayasome wenyewe, na mkija tena mje kwa mambo mengine.

Kwanza mjue ni nani anawaambia. Mimi niliacha shule darasa la nne. Kiswahili nilikipatia kazini, Kiingereza nilikiokota kwa seti, pale filamu zinapopigwa, neno moja moja, kama mtu anayeokota kahawa iliyoanguka chini ya mti. Lakini nimejenga vijiji ambavyo havipo. Nimejenga soko, boma la chifu, kanisa lisilo na upande wa nyuma. Ukiona kwenye filamu ya wazungu nyumba za nyasi zimepangwa kando ya mto na moshi unapanda, huenda ni mkono wangu huo. Jina langu hamtaliona. Majina yanayopita pale mwisho ni ya watu waliokuwa na viti vya kukunja.

Sasa habari ya kuandika. Usianze na kuzaliwa kwako. Kila mtu amezaliwa. Siku ile nilipoenda kujaribu bahati yangu, katika ukumbi wa hoteli moja hapo Meru mjini, wachapishaji walikuja kusikiliza watu wenye miswada. Kila mtu dakika tano, halafu kengele. Aliyenitangulia alikuwa ofisa mstaafu, suti nzuri, sauti nzuri. Alianza na usiku aliozaliwa. Kengele ililia angali ananyonya.

Pili, chukua daftari moja kwa kila kazi. Mimi nilikuwa na kumi na moja. Andika asubuhi, mikono ikiwa bado haijachoka, na andika vile unavyoongea. Ukijaribu kuandika kama mwalimu mkuu, utachoka ukurasa wa pili na msomaji atakuwa amechoka wa kwanza.

Tatu ni hili la mwalimu wangu. Mtu akiandika kazi yake bila kumtaja aliyemfundisha, mimi simsomi. Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, Mkamba mmoja mfupi, seremala, ambaye alikuwa akijenga seti tangu wengi wenu hamjazaliwa. Siku ya kwanza alinipa nyumba moja niijenge. Nikaijenga kama tulivyojenga huku kwetu. Mjue zamani nyumba ilijengwa na majirani kwa siku moja, na moto ukawashwa ndani jioni hiyo hiyo. Kabla watu hawajaenda, mzee mmoja anazunguka nje, anaegemea kila nguzo kwa bega. Ikitikisika anauliza, nani alifunga hapa? Mtu akitajwa, hiyo aibu atatembea nayo mpaka kwenye sherehe za wengine. Baba yangu ndiye alikuwa mzee huyo wa kuegemea. Mimi nilianza kuegemea nyumba kabla sijaota ndevu.

Kilonzo alikuja akasukuma nyumba yangu. Haikusonga. Akaniuliza kama nataka kuhamia hapo na bibi na watoto. Akanifanya niibomoe yote. Akaniambia hapa tunajenga kitu cha kutazamwa, si cha kulala. Upande wa kamera ukiwa safi, nyuma hata ikae na fimbo mbili. Maneno hayo niliyaelewa kwa kichwa. Mikono haikuyaelewa kamwe, na ndiyo sababu naandika hii barua.

Alinifundisha mengi. Ukuta mpya ukitaka uonekane wa miaka kumi, unaumwagia maji ya majani chai yaliyochemka sana, halafu unapaka masizi juu ya mlango, pale moshi ungepitia. Usipake kila mahali. Nyumba haichakai sawasawa. Na matope bila kinyesi cha ng'ombe yanapasuka jua likiwaka. Kuna mwigizaji mmoja, mama mwenye jina kubwa, alitakiwa kuegemea ukuta wangu na kulia. Akauliza hiyo harufu ni ya nini. Kilonzo bila kucheka akamwambia ni dawa ya ngozi ya kienyeji. Asubuhi yake tulimkuta amejipaka viwiko vyote viwili.

Hizo ndizo hadithi nilizopeleka Meru. Mhariri aliyenisikiliza alikuwa msichana wa huku kwetu anayefanya kazi Nairobi, jina lake Kananu. Alicheka mpaka akafuta macho. Nikaona kitabu kiko mkononi. Halafu akaangalia mikono yangu. Ngozi ya viganja vyangu ni nyekundu na inang'aa, na vidole vitatu havikunjiki.

"Mzee, na hiyo mikono?"

Nikamwambia vile nilikuwa nimewaambia watu wote tangu siku ile. Kwamba kulikuwa na mtu amelewa kwa seti, akaingia nyumba inayoungua, akakosea ukuta wa kutokea, nami nikaingiza mikono motoni kumvuta. Akaweka kalamu chini.

"Kitabu chako kinaanzia hapo," akasema. "Hizo za viwiko ni za kuchekesha. Hii ndiyo watu watasoma."

"Lakini huyo mtu alikufa."

"Hata hivyo wewe ulienda. Niandikie hiyo sura kwanza, nitaipeleka kwa wakubwa wangu."

Ukumbi ulinipigia makofi. Mimi, darasa la nne. Nilimwambia hata mwenye bodaboda aliyenirudisha kwamba leo amebeba mwandishi.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hili hamtafundishwa darasani. Niliketi kuandika ile sura mara tatu. Kila nikifika kwenye ukuta, kalamu inaanza kueleza mawingu. Inaeleza miti, inaeleza ndege. Mkijiona mnaeleza hali ya hewa mahali ambapo mtu anakufa, simameni hapo. Kuna kitu mnaficha. Mara ya nne nilichukua daftari la saba, nikaandika yaliyotokea.

Ilikuwa filamu ya vita vya zamani. Tulikuwa kule chini Mbeere, kwenye ukame, mawe na miiba. Kijiji tulichojenga kilikuwa cha kuchomwa. Ireri alikuwa mtu wa stanti, wale wanaoanguka na kuungua badala ya mwigizaji. Mtu wa Embu, mwembamba, mlokole wa kweli; hata kikombe cha pili cha chai alikiombea upya. Seti nzima iliniita Fundi. Yeye peke yake aliniita Mmeru. "Mmeru, punguza hasira, huo ni mti tu, haujakukosea." Tulikula sahani moja miaka sita.

Kazi yake siku hiyo ilikuwa aingie kwa mlango nyumba ikianza kushika moto, koti lake likiwaka, halafu avunje ukuta wa nyuma kwa bega na kutokea mbele ya kamera, watu wa blanketi wamrukie. Ukuta huo Kilonzo aliujenga mwenyewe. Fito alizikata nusu kwa msumeno, akazishika na uzi wa kushonea gunia, akapaka matope membamba juu. Ulikuwa ukuta wa kuvunjwa na mtoto. Asubuhi hiyo presha ilimpanda Kilonzo, ikabidi apelekwe hospitali, akaniachia kijiji. Kabla gari halijaondoka aliniita dirishani akaniambia ule ukuta wa nyuma nisiuguse.

Upepo ukaanza. Ukuta ukawa unatetemeka, na mmoja wa watu wa kamera akasema kwa sauti kwamba nyumba ya Fundi ina malaria. Watu wakacheka. Hayo tu. Mtu alikufa kwa sababu watu walicheka nyumba yangu.

Nilingoja waende chai. Nikazunguka nyuma, nikaegemea kwa bega, ukalegea. Nikatoa waya wa kufungia. Nilijiambia naukaza tu mpaka upepo upite, halafu nitakata kabla ya kazi. Mikono ikafanya inachojua. Mafundo matano, yale ya kwetu, kila moja nimelivuta kwa uzito wangu wote, na matope juu yake ili waya usionekane. Nikarudi hatua mbili, nikautazama. Ulikuwa umesimama wima. Nitawaambia ukweli: nilifurahi.

Halafu nikaitwa upande ule mwingine wa kijiji, kuna lango lilikuwa limeanguka. Upepo ukatulia kwa ghafla, na dairekta akaharakisha watu kabla haujarudi. Nilikuwa napigilia msumari niliposikia wametangaza kuanza. Nyundo ikiwa hewani, nikakumbuka.

Nilikimbia nikipiga kelele wazime, wazime. Lakini kijiji kilikuwa kinachomwa. Watu zaidi ya mia walikuwa wameajiriwa kukimbia na kupiga kelele. Mtu mmoja anayekimbia huku analia ndicho kitu hasa walichotaka. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kamera moja ilinifuata kidogo, kwa sababu nilikuwa naigiza kuliko wengine.

Nilifika kwenye ukuta nikashika zile waya kwa mikono mitupu. Waya zilikuwa nyekundu. Mafundo yangu hayakufunguka. Watu walipoelewa na kuja na mashoka, ilikuwa imechelewa. Ireri alikaa hospitali siku nne, akafa ya tano asubuhi.

Kabla hajafa, mtu wa kampuni alikuja kitandani kwangu na karatasi imeshapigwa chapa. Ilisema Ireri alikuwa amekunywa, akakosea ukuta. Kila mtu aliyembeba alikuwa amesikia harufu ya spiriti. Mimi nilijua harufu hiyo. Kwenye mazoezi ya jana yake niliwaona kwa macho yangu wakipaka koti lake spiriti ya kuwashia, kwa brashi. Mtu huyo aliniuliza swali moja, kama ukuta ulikuwa sawa. Nikasema ulikuwa sawa. Nyumba ilikuwa majivu, na hakuna mtu anayechambua majivu kutafuta waya. Mikono yangu ilikuwa ndani ya bandeji, kimebaki kidole kimoja nje. Akakipaka wino, nikabonyeza.

Kwa hivyo Ireri alizikwa kama mlevi. Hakukuwa na fidia. Mhubiri alihubiri juu ya pombe, jeneza likiwa mbele yake, na watu wakaitikia amina. Mkewe, Mama Wawira, alinisimamisha mbele ya kaburi, akashika bandeji zangu, akawaambia watu kwamba huyu amejichoma kwa ajili ya mtu ambaye hakujijali mwenyewe. Nilisimama hapo. Miaka iliyofuata, tukikutana, alikuwa ananiuliza mikono inaendeleaje, na kwamba anaiombea.

Hayo ndiyo niliandika kwenye daftari la saba. Kiswahili changu kikawa kibaya, sikujali.

Ninyi mnaoandika juu ya watu wenu: kabla hujampelekea mchapishaji, mpelekee mwenye maiti. Usimtumie kwa simu. Nenda, keti, soma kwa mdomo wako. Mimi nilitaka sana kuruka hatua hiyo. Kananu alikuwa anapiga simu kila baada ya siku chache kuuliza sura imefika wapi, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria picha yangu juu ya jalada, nimevaa kofia gani. Lakini kila nikifikiria Mama Wawira akikipata kitabu mkononi mwa mtu mwingine, nilikuwa nashindwa kula.

Nikaenda Embu. Mama Wawira anaishi mtaa wa Dallas huko huko Embu, kwa bintiye Wawira, mwalimu wa shule ya msingi. Ilikuwa Jumamosi, saa nne. Mama Wawira alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Aliniwekea chai kabla hata sijasema nimekuja na nini, akashika mikono yangu, akaigeuza, akasema inaonekana afadhali. Nikamwambia nimekuja kumsomea.

Nilisoma nikifuata kwa kidole. Mimi husoma polepole. Nilipofika kwenye waya, maharagwe yakaacha kulia kwenye ungo. Sikuinua macho. Nilisoma mpaka kwenye wino na kidole, nikafunga daftari.

Wawira alikuwa amesimama mlangoni. Mama yake hakulia. Aliweka ungo chini, akasema, "Umeruka kitu."

Nikasema sijaruka.

"Wewe ulikuwa nje, yeye ndani, na katikati ni matope tu. Ireri hakuwa mtu wa kunyamaza. Alisema nini?"

Mjue, hiyo sikuwa nimeiandika. Nilikuwa nimejiona mwanamume kwa kuandika hayo mengine yote, nikafikiri hiyo moja naweza kubaki nayo.

"Baba Kinoti, nimekuuliza."

"Alisema, 'Mmeru, mbona umefunga?'"

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali bei mbaya. "Nimemwomba Mungu amsamehe pombe," akasema, si kwangu, ni kwa maharagwe. "Kila jioni. Na hawa watoto nimewalea nikiwaambia msiwe kama baba yenu." Akamwangalia Wawira. "Lete kalamu."

Niliandika hapo mezani kwake. Maneno matatu, mara mbili, na jina lake, na yalinichukua muda kwa sababu vidole havikunjiki. Wawira alisimama nyuma yangu akiangalia, kama anavyosimamia watoto wa darasa lake. Nilipomaliza nikawaomba msamaha, wote wawili. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani, ya Kimeru, mazuri. Niliyasema yote.

"Chai yako imepoa," Mama Wawira akasema. Akachukua kikombe, akatoka nacho, nikasikia akiimwaga nje kwenye mawe. Hakuleta kingine.

Niliponyoosha mkono nichukue daftari, aliweka kiganja chake juu.

"Hiki hakitoki hapa."

Sikubishana. Nilirudi Meru mikono mitupu.

Kananu nilimweleza kwa simu. Hakukasirika. Alisema pole, na baada ya wiki moja akanipigia akiwa na neno la wakubwa wake. Mwanasheria wao hataki ile karatasi ya kampuni itajwe. Waya pia. Lakini kitabu bado wanakitaka. Niandike tu kwamba ilikuwa ajali, na kwamba nilijaribu. "Msomaji atakuwa upande wako, mzee," akaniambia. Ni msichana mzuri, na alikuwa anajaribu kuokoa kitabu changu. Nikamwambia mwenye maiti ameshasomewa hiyo sura, na haiwezi kusomwa kwa watu wengine ikiwa tofauti. Akasema basi bila hiyo hakuna kitabu. Nikasema basi hakuna.

Msidhani ilikuwa rahisi. Nilikitaka kile kitabu kuliko nilivyowahi kutaka shamba. Nilitaka wale waliosoma wakione dukani. Madaftari kumi yako hapa kabatini, na mkitaka habari za masizi na majani chai, njooni mnakili, sina shida.

Jumapili ya juzi Wawira alinipigia. Tangu ile Jumamosi hakuna aliyekuwa amenitafuta. Alisema mama yake amepeleka daftari kanisani, kanisa lile lile lililomzika Ireri, akaomba nafasi baada ya matangazo, akasoma yote. Na jina langu, na la baba yangu. Yule mhubiri aliyemzika Ireri siku hizi ni mzee, anakaa kiti cha mbele. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ndugu za Ireri walikuwa wamejaa, wengine wametoka mbali, kwa sababu Mama Wawira alikuwa amewatumia habari.

Nikamuuliza wamesema nini.

"Wameuliza unaishi wapi," Wawira akasema. Halafu akasema tena, sauti ikiwa chini, "Mimi sijawaambia. Nimeona nikuulize kwanza."

Nikamwambia awaambie. Nikamwelekeza vizuri ili wasipotee: washukie sokoni, wapite kituo cha kununulia majani chai, wachukue njia ya kulia mpaka nyumba yenye ua wa michongoma. Na kwamba wakija, siku yoyote, mimi niko.